Nguo Nyeupe Mpaka Kiranjeranje

Nurdin hakuwa na nyumba. Hakuwa na shamba, hata mkorosho mmoja wa kuuonyesha kwa kidole na kusema huu ni wangu. Hakuwa na mjomba wa kumsemea, wala baba mdogo wa kumkanya, wala shangazi wa kumtafutia mke. Hakuwa na kaburi la kuzuru, kwa sababu mama yake, aliyefika Kilwa Kivinje akipikia vibarua, alizikwa na watu wasiojua alikotoka, na kaburi lenyewe likapotelea majanini. Jina la ukoo hakuwa nalo. Kwenye kitambulisho chake, mahali pa jina la mwisho, palisomeka Kornelio, jina la fundi wa viti aliyemlea, mzee wa Kimakonde ambaye kila Jumapili alikwenda kanisani na kila Ijumaa alimsukuma mtoto yule msikitini akisema, "Mama yako alikuwa wa huko. Mimi sitaki kuja kuulizwa."

Aibu pia Nurdin hakuwa nayo, na hilo ndilo lililowaudhi watu kuliko yote. Mtu asiye na kitu, wanadamu humtaka angalau atembee ameinama. Nurdin alitembea kama mtu anayekwenda kuchukua chake.

Na tangu msimu wa korosho ulipoisha, chake kilikuwa kimoja tu duniani: Sauda, binti wa marehemu Saad.

Sauda alikuwa na duka dogo la daftari na kalamu pale Kilwa Masoko, na nyumbani alikaa na shangazi yake, Bi Samia, katika nyumba aliyoiacha baba. Aliwahi kuolewa. Mume alichaguliwa na baba yake mkubwa, Mzee Bashiru wa Kiranjeranje, na ndoa ikafa kabla kitanda chake hakijapoteza harufu ya mbao mpya. Sauda akarudi na sanduku lake, akafungua duka, akanyamaza. Kilichomsemesha tena ni gari.

Lilikuwa Pijo 504 la baba yake, ambalo tangu azikwe lilisimama uani likitazama jua. Injini ilikuwa nzima. Lakini jua lilikuwa limeingia vioo vyote na kula kitambaa cha viti na cha milangoni, kile kitambaa cha mahameli kilichokuwa fahari ya mzee, mpaka kikabaki na rangi ya ufizi wa mtu mgonjwa. Sauda akamwita fundi. Fundi akaja, akazunguka, akaingia, akakaa kiti cha nyuma.

"Rangi yake ya mwanzo unaikumbuka?" aliuliza.

"Damu ya mzee. Naikumbuka kama sura ya baba."

"Kukumbuka hakutoshi. Njoo nikuonyeshe."

Alichomeka vidole kwenye mkunjo ulio kati ya kiti na mgongo wake, akaupanua. Kule ndani, mahali ambapo mwanga haujapata kufika tangu gari litoke kiwandani, kitambaa kilikuwa kizima, kizito, chekundu cha kuiva. Sauda akatia kidole chake pale. Akakiacha.

"Kumbe ipo," alisema.

"Ipo. Hii ndiyo nitakayoifuata."

Alipotoa kidole, kilipita juu ya kidole cha Nurdin, na hakikupita upesi. Nani kati yao aliyependa kwanza, hata wenyewe walibishana baadaye. Ninachojua ni kwamba kazi ya kurudisha rangi ingemalizwa na fundi mwingine mapema zaidi. Nurdin alisugua kitambaa kile kwa brashi laini na sabuni ya mche, akakikausha kivulini, akachanganya rangi ya nguo na chumvi na siki, akaijaribu mahali pa uficho, akaitupa, akachanganya nyingine, na kila aliponyanyua macho alimkuta Sauda mlangoni na kikombe cha chai ambacho hakuna mtu aliyekiagiza.

Siku moja alimwambia, "Nataka kukuoa."

Sauda akajibu, "Basi leta barua."

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Barua ya posa huandikwa na wazee wa mwanaume na kupelekwa na mshenga wake. Nurdin angeandikiwa na nani? Na kabla hajalipatia jibu swali hilo, ikaja Ijumaa ile.

Mzee Bashiru alitoka Kiranjeranje alfajiri kuja kuwaangalia watu wake, basi likaharibika njiani, akafika Masoko adhana imeshalia. Alikuwa na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama. Kuingia uani, akaliona Pijo la ndugu yake milango wazi, ufunguo uko mahali pake, viti vimewaka kama siku lilipotoka Dar es Salaam. Nurdin alikuwa amekwenda kutawadha. Sauda alikuwa dukani. Bi Samia alikuwa jikoni, akasikia tu mlango wa gari ukigongwa na sauti ya kaka yake, "Nitalirudisha baada ya sala! Gari la ndugu yangu, nimwombe nani ruhusa?"

"Kaka, ngoja, rangi bado haijaka—"

Alikuwa ameshatoka lango.

Jua la saa hizo, na kiti ambacho rangi yake haikuwa imetulia, na mzee mnene aliyetoka jasho la safari. Msikitini Nurdin alijikuta safu ya nyuma yake hasa. Imamu aliposema Allahu akbar na watu wakarukuu, Nurdin aliona mbele ya macho yake, juu ya kanzu nyeupe, duara mbili kubwa za damu ya mzee, zimekaa sawasawa kama alama za sahani mbili juu ya kitambaa cha meza. Alifumba macho. Safu nzima ilikuwa inatetemeka. Mtu mmoja upande wa kushoto alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Wangecheka tu, ingekuwa nafuu. Lakini baada ya salamu wazee walimzunguka Mzee Bashiru kwa huruma. "Sheikh, pole. Limeanza lini?" Mwingine akamnong'oneza kwamba ugonjwa huo una dawa, asiuonee haya, mwenyewe ulimpata. Walitaka kumpeleka hospitali. Alipojipapasa nyuma na kuona kiganja chake, ndipo akaelewa.

Nurdin aliambiwa na wenzake akimbie. "Panda basi la Lindi ndugu yangu, rudi mambo yakipoa."

"Nikimbie nimeiba nini?" alisema, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Sauda.

Alikuta uani pamejaa. Majirani walikuwa wamejipanga kwenye ugo wa makuti, na Sauda amefika mbio kutoka dukani, kalamu bado iko sikioni. Mzee Bashiru alisimama katikati, ameifumba kanzu kwa nyuma kwa mkono mmoja na wa pili anaunyoosha.

"Nani aliyepaka uchafu kwenye gari la ndugu yangu?"

"Mimi, mzee. Shikamoo."

Mzee Bashiru hakuitikia. Alimpima kuanzia ndala mpaka kofia.

"Wewe ndiye yule wa Kornelio?"

"Ndiye mimi."

"Umenivisha hedhi msikitini! Mzee mzima! Watu wananipa pole ya bawasiri mbele ya mihrabu!"

Kule ugoni mtu aliangua kicheko, akazibwa mdomo na mwenzake. Bi Samia alijifuta macho kwa ncha ya kanga, na haikuwa rahisi kujua anafuta nini.

"Kwa kanzu yako naomba radhi," alisema Nurdin. "Rangi niliiweka mimi, na nilitakiwa nifunge milango ya gari. Hilo ni kosa langu, silikimbii."

"Unaomba radhi umesimama hivyo?"

"Nimesimama kwa sababu ndivyo ninavyosimama, mzee."

"Sauda!" Mzee aligeuka. "Mtoe mtu huyu uani. Leo hii. Na zana zake. Gari litapelekwa kwa fundi mwenye akili."

Sauda hakusogea.

"Sauda, mwanangu, nasema na wewe."

"Nimesikia, ba'mkubwa. Hatoki."

Majirani wakasogea karibu zaidi na ugo. Kuku walisikika.

"Umesema?"

"Nimesema hatoki. Kama ni kanzu, nitaifua mwenyewe. Lakini Nurdin hatoki, kwa sababu ndiye ninayemtaka anioe. Nilipanga nikuambie vizuri, umekaa, umekunywa maji. Hukunipa nafasi."

Mzee Bashiru aliachia kanzu. Duara zote mbili zikaonekana, na hakuna aliyecheka.

"Huyu?" alisema taratibu. "Sauda, huyu ana watu gani? Mimi nikiulizwa, mkwe wako ni wa wapi, niseme nini? Niseme ni wa barabarani? Ukiugua, nani wa kwao atakuja kukuuguza? Mkigombana, nitampelekea nani mashtaka? Yule mzee wa kanisani?"

"Mzee Kornelio mlete hapa mbele yangu umtaje," alisema Nurdin, na sauti yake kwa mara ya kwanza ikapanda. "Usimtaje nyuma ya mgongo wake. Aliniokota sina nguo. Hakuniuliza watu wangu ni nani."

"Nyamaza! Nasema na mwanangu."

"Sema na mimi, basi," alisema Sauda. Alikuja akasimama kati yao, mfupi kuliko wote wawili, kidevu juu. "Wa kwanza alikuwa na watu. Ukoo wake ulijaza mabasi mawili. Ulinichagulia wewe. Siku aliponitoa nje usiku wa mvua, katika wale wote, ni nani aliyekuja kunifungulia mlango?"

Mzee Bashiru alirudisha mkono nyuma, akaikusanya kanzu tena.

"Sikulaumu, ba'mkubwa. Ulitaka mema. Lakini zamu yako ya kuchagua imepita. Hii ni yangu."

"Mimi ni walii wako. Bila mimi hakuna ndoa."

"Najua. Ndiyo maana sijakimbia naye. Nataka uniozeshe wewe, kwa mkono wako, ukiwa umevaa kanzu safi."

Hilo neno la mwisho lilimchoma. Mzee Bashiru alikwenda kwenye gari, akaegemea mlango, akatazama ndani. Nurdin alimwona akipitisha kiganja juu ya kitambaa cha mlangoni, pole, kama mtu anayempapasa mnyama aliyemfahamu zamani. Hapo pembeni ya kioo ndipo Saad alipokuwa akilaza kiwiko chake. Kwa kitambo mzee hakuwa na hasira. Kisha akakitazama kiganja, akaona kimekuwa chekundu, na hasira ikapata mahali pa kurudi.

"Tazameni!" aliwaambia watu wa ugoni, akiinua mkono. "Hiyo ndiyo kazi yake. Inang'aa kwa nje, ukiigusa inakuachia aibu. Na mwenyewe yuko hivyo hivyo." Akamgeukia Nurdin. "Haya, bwana mdogo. Sikiliza, na hawa wote wasikilize. Siku mtu atakapokaa kiti hicho na nguo nyeupe kutoka hapa mpaka nyumbani kwangu Kiranjeranje, akashuka mweupe kama alivyopanda, siku hiyo niletee barua yako. Nitaipokea kwa mikono miwili. Kabla ya hapo nisisikie jina lako."

Alidhani amefunga mlango. Nurdin alitabasamu.

"Mmesikia nyote?" aliuliza.

"Tumesikia!" ugo ukajibu kwa pamoja.

"Haya. Na mimi nimesikia."

Mzee Bashiru aliondoka jioni ile amevaa kikoi cha marehemu ndugu yake, kwa sababu kanzu Bi Samia alimvua kwa nguvu. "Utapita stendi hivyo? Lete hapa!" Aliitumbukiza kwenye beseni, na kabla hajashika sabuni maji yakawa mekundu. Akaiinua. Duara zilikuwa zimebaki kama kivuli. Akaisuuza mara nyingine. Hapakuwa na kitu.

Akaenda na beseni lile mpaka kwenye gari, ambako Nurdin na Sauda walikuwa wamekaa kwenye kizingiti cha mlango wakitazamana.

"Fundi, hebu ona. Hata sabuni sijatia. Rangi yako haijashika, imelala tu juu."

"Nimepaka mara nyingi, shangazi. Nilitaka iwe nzito kama ile ya kwenye mkunjo."

"Ndipo ulipokosea. Umeilisha kupita tumbo lake." Bi Samia alikuwa msuka mikeka; vidole vyake vilikuwa vya manjano na zambarau tangu usichana. "Mimi miyaa nikishaitia rangi, naisuuza. Naisuuza mpaka maji yawe meupe. Mwenye haraka hasuuzi, anasuka, anauza, na mteja analala akiamka mgongo una maua. Wewe uliwahi kusuuza?"

Nurdin aliona haya kidogo, yeye asiyekuwa na aibu. "Sikusuuza. Niliogopa itatoka yote."

"Itakayotaka kutoka, itoke hapa uani. Isiende ikatokea njiani mgongoni mwa watu."

"Na ikitoka yote?"

"Basi utaanza upya. Au una safari?"

Wakaanza kesho yake. Kusuuza kiti ambacho hakifuliki ni kazi ya kuua mtu. Nurdin alilowesha kitambaa kwa sponji, Sauda akakandamiza taulo juu yake na kunyanyua maji, wakakamua, wakarudia. Maji ya beseni yalikuwa mekundu, na siku iliyofuata mekundu, na Bi Samia aliyekaa mkekani akisuka aliyaangalia na kusema neno moja tu, "Bado." Kila walipokamua, Nurdin aliona uzuri wa kazi yake ukimwagwa mchangani. Viti vikapauka. Siku moja alitupa sponji.

"Naliharibu gari la baba yako."

"Ulilikuta limeharibika."

"Sauda, na isipokubali?"

"Isipokubali, atakayepanda tutamvisha nguo nyekundu."

Nurdin alicheka bila kutaka. Walikuwa ndani ya gari, kila mmoja upande wake wa kiti cha nyuma, mikono yao imekuwa myekundu mpaka viwikoni kama ya wachinjaji. Joto lilikuwa kali. Tone la jasho lilimshuka Sauda kwenye shingo, na Nurdin akalifuata kwa macho mpaka lilipokwenda, kisha akatazama pembeni kwa adabu.

"Unaangalia nini?"

"Kazi."

"Kazi iko huku." Alimwonyesha taulo. Lakini hakuficha tabasamu. Baadaye akasema kwa sauti ya chini, "Wapo wanaosema uende Lindi utafute kazi, nikusahau."

"Nimewasikia. Unasemaje?"

"Nasema ukienda Lindi nitakufuata na Pijo hili hili, na viti vyake hivi hivi vilivyopauka, nipige honi mlangoni kwako mpaka majirani wakulete nje."

"Siendi."

"Najua. Kamua."

Maji yalipokuwa ya waridi, Bi Samia alisema "Bado." Yalipokuwa meupe, hakusema kitu, aliinuka, akaja kutazama kitambaa. Rangi iliyobaki ilikuwa nyepesi lakini sawasawa, na haikutoka hata alipoisugua kwa kidole kilichotiwa mate. "Hii sasa ndiyo yako," alisema. "Iongezee mwenzake, kidogo tu, halafu uisuuze na hiyo."

Wakaongeza kidogo. Wakasuuza. Wakaongeza tena. Kila tabaka Nurdin aliwekea juu yake kitambaa kibichi na kukipitishia pasi ya mkaa, mvuke ukaingia mpaka ndani ya nyuzi. Rangi ilipanda polepole, kwa ukaidi, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo wake mwenyewe. Mpaka asubuhi moja Sauda aliupanua ule mkunjo wa kiti, akatazama ndani, akatazama nje, na hakuweza kuona mahali ndani ilipoishia na nje ilipoanzia.

Alivua mtandio wake mweupe, akaulowesha, akausugua kitini kwa nguvu zake zote, kama mwenye ugomvi na kiti. Akauinua juani.

Mweupe.

Hakupiga kelele. Alimtupia Nurdin mtandio ule usoni, akaingia ndani, akatoka na karatasi na bahasha ya dukani kwake.

"Andika," alisema.

Nurdin aliandikia juu ya boneti ya gari. Barua za namna hii huanza na "Sisi wazee wa ukoo wa fulani." Yeye akaandika alivyotaka mwenyewe:

"Mzee Bashiru, Kiranjeranje. Asalaam aleikum. Mimi Nurdin, fundi wa viti, Kilwa Masoko, naleta posa kwa binti yako Sauda. Ukoo sina. Aliyenilea ni Kornelio, naye ameweka sahihi yake hapa chini, na ukiwa na mashtaka juu yangu mpelekee yeye, atanichapa. Ulisema mbele ya watu ni siku gani niilete barua hii. Mtazame kwanza aliyekuletea, mbele na nyuma. Ukimaliza, nijibu."

Sauda aliisoma. "'Ukoo sina.' Umeiandika kwa herufi kubwa kuliko zote."

"Asije akasema nilificha."

Mzee Kornelio aliletwa na bajaji, kwa kuwa miguu yake ilikuwa imekataa safari. Alitia sahihi, akaipuliza ikauke, akalipapasa gari. Akaupitisha mkono kitini, akakitazama kiganja. Hakumsifu Nurdin, hakuwa mtu wa hivyo. Alisema tu, "Naona umesuuza," na macho yake yakajaa.

"Sasa mshenga," alisema Nurdin. "Mzee hawezi safari. Sina mwingine."

"Mshenga ninaye," ilitoka sauti ya Bi Samia.

Alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amevaa nguo aliyokwenda nayo Umra, nyeupe kuanzia kichwani mpaka visiginoni, nguo ambayo kwa kawaida hukaa sandukuni na karafuu, naye mwenyewe huwaambia watu ameiweka kwa siku ya kufa. Mkononi alikuwa ameshika kanzu ya kaka yake, imefuliwa, imekunjwa.

"Shangazi!" Sauda alishtuka. "Hiyo?"

"Ulitaka nivae gunia?"

"Lakini wewe ni wa upande wa mwanamke," alisema Nurdin. "Mshenga hutoka kwa mwanaume."

"Upande wako una nani? Nyamaza basi. Leo mimi ni wa upande wako. Kesho nitarudi upande wangu nikutoze mahari mpaka ulie."

Nurdin alikunja barua, akaitia kwenye bahasha. Ulimi haukutosha kuifunga, bahasha ilikuwa imekaa dukani siku nyingi na gundi yake imekauka. Akachukua gundi yake ya viti, akaipaka kwa kidole kutoka pembe hadi pembe, akaikandamiza juu ya goti mpaka ikashika kiasi ambacho asingeweza kuifungua hata yeye. Akaitoa kwa mikono miwili. Bi Samia aliipokea, akaichomeka katikati ya kanzu ya kaka yake, akaikumbatia.

Majirani walikuwa wamesharudi ugoni, wengi kuliko siku ile ya Ijumaa. Sauda alikaa kwenye usukani, kama baba yake alivyomfundisha. Mwanamke mmoja akapaza sauti, "Jamani, bibi harusi anajipelekea posa yake mwenyewe!"

"Kuna mwingine anayeijua njia?" alijibu Sauda, na akawasha gari.

Bi Samia alifungua mlango wa nyuma, lakini hakupanda. Kisha akaomba kata ya maji. Akaletewa. Akaimwaga yote juu ya kiti, taratibu, kutoka mlango mpaka mlango.

"Shangazi, unafanya nini?" alisema Nurdin.

"Asije kaka akaniambia nilikaa pakavu."

Akakusanya nguo yake nyeupe, akakaa juu ya ule unyevu kwa uzito wake wote, barua kifuani. Nurdin akafunga mlango, akabaki nje. Kwenye kioo cha kutazamia nyuma macho yake na ya Sauda yalikutana, hayakuombana lolote. Pijo likatoka lango, likakata kona ya msikiti polepole ili watu walione vizuri, likashika njia ya Nangurukuru kuelekea Kiranjeranje.